Fito tano, tofali moja na goti la mbwa wa ulinzi

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Iyumbu, hapa Dodoma. Mbwa wetu wa kwanza alikatika kano ya goti usiku mmoja akikimbilia geti. Hakupona vizuri, akawa wa kuchechemea mpaka mwisho wake. Sasa tuna Simba, dume wa miaka minne, chotara wa German Shepherd, kilo 38. Mchana kutwa yuko bandani, saa nne usiku tunamfungulia. Mume wangu anasema dawa ni kumkimbiza, basi kila Jumamosi anamfunga kamba nyuma ya pikipiki, kilomita tano hivi. Mimi roho inasita. Nimesikia kuna mazoezi ya taratibu ya kumjenga mbwa misuli na kumfanya asitetereke. Ni yapi, na ninaweza kuyafanya nyumbani bila vifaa? Mwanangu wa miaka kumi naye anataka kusaidia.

Jibu: Marahaba, mama. Roho yako ina haki ya kusita. Pikipiki iachwe kuanzia Jumamosi hii, na mwambie baba watoto kwamba simlaumu. Miaka ya mwanzo ya kazi hata mimi nilikuwa nawaambia watu "mkimbize huyo, amekaa mno", na baadhi ya mbwa hao nikaja kuwapokea wakiwa wameinua mguu. Mbwa aliyefungwa nyuma ya pikipiki hafuati pumzi yake, anafuata injini. Atakimbia hata goti likiuma, kwa sababu kamba inamvuta na kwa sababu anawapenda. Tena ni mara moja kwa wiki. Siku sita amelala, siku ya saba mbio ndefu kwenye changarawe.

Kwanza tuelewane juu ya goti lenyewe. Mchezaji mpira kano ya goti hukatika uwanjani, siku moja, kwa kishindo kimoja. Kwa mbwa mara nyingi si hivyo. Mbwa husimama magoti ya nyuma yakiwa yamekunjwa muda wote, kwa hiyo kano ile iko kazini hata akiwa amesimama tu. Huchakaa kidogo kidogo, uzi mmoja leo, mwingine mwezi ujao, kama kamba ya kisima. Usiku ule mbwa wenu wa kwanza alipolia getini, nyuzi nyingi huenda zilikuwa zimeshakwisha. Ndiyo maana mbwa aliyekatika goti moja, goti la pili nalo mara nyingi hufuata ndani ya miaka michache, hata kama hakukimbilia geti lolote.

Sasa tazama siku ya Simba. Kama anaingizwa bandani saa kumi na mbili asubuhi na kutolewa saa nne usiku, amekaa saa kumi na sita kwenye eneo lisilotosha hata kupiga hatua kumi. Unafungua mlango. Dakika tatu baadaye bodaboda inapita nje, naye anafyatuka toka kulala hadi mbio za mwisho kabisa, anakata kona kwenye vigae vya baraza, anasimama ghafla getini. Misuli ya baridi, sakafu inayoteleza, kona kali, kilo 38. Hapo ndipo wanapoumia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuagiza wala si zoezi. Kabla ya kumfungulia usiku, mtie kamba umtembeze uani dakika tano. Hatua za kawaida, mzunguko wa kulia, mzunguko wa kushoto, basi. Halafu mfungulie. Ukinisahau kwa mengine yote, hili moja lishike.

La pili ni sakafu. Tangu Serikali ihamie huku, nyumba zimeota kila upande, Iyumbu, Ilazo, Nala, na karibu zote zina vigae vinavyong'aa kama kioo, mpaka barazani. Vinapendeza, lakini ni adui wa mbwa. Pale Simba anapokatia kona, tandika kipande cha zulia la mpira au mkeka mzito usiohama. Na mkate kucha. Akitembea kwenye kigae ukasikia tak-tak-tak, kucha zimezidi. Zinamfanya akanyagie nyuma ya unyayo na kuteleza, kama mtu aliyevaa kandambili zilizoloa.

Kama kilo 38 zimemzidi siwezi kujua kwa kuambiwa namba tu, maana machotara wanatofautiana. Pitisha viganja ubavuni mwake bila kukandamiza. Mbavu uzihisi kwa urahisi kama unavyohisi vifundo vya vidole vyako ukipapasa mgongo wa kiganja. Ukilazimika kuzitafuta, amenenepa. Ukimtazama kwa juu awe na kiuno. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa Labrador 48 waliofuatiliwa maisha yao yote: nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao, nao wakaishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Hakuna zoezi nitakalokupa linaloshinda hilo. Kama anakula sufuria la ugali na mchuzi wa mifupa, punguza ugali, ongeza dagaa.

Tuje kwenye mazoezi yenyewe, na kwa nini yawe ya taratibu. Umewahi kuendesha baiskeli polepole sana? Ni kazi kuliko kuiendesha kwa kasi. Kasi inakubeba, inaficha udhaifu wako. Mbwa ni vilevile. Akikimbia, misuli mikubwa na mwendo wenyewe hufanya kazi, na ile midogo inayolishika goti na nyonga zisiyumbe haipati zoezi la kutosha. Mpunguzie mwendo uone anavyotetemeka. Halafu jua kwamba mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Nyuma ikidhoofika huegemea mbele zaidi, na nyuma inazidi kudhoofika. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kinalenga kuurudisha uzito nyuma bila kumwumiza.

Vifaa unavyo. Mipini mitano ya fagio au fito tano, matofali, bloku moja ya inchi sita, benchi, ukuta. Chambo kiwe dagaa wakavu wasio na chumvi, au maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, na kiasi hicho ukitoe kwenye chakula chake cha siku. Fanyia kwenye udongo mgumu au kwenye zulia la mpira, kamwe si kwenye vigae. Asiwe ametoka kula. Mbwa wa kifua kirefu kama huyu akihangaishwa tumbo likiwa limejaa, tumbo linaweza kujinyonga, na hilo huua ndani ya saa chache. Acha saa mbili zipite baada ya mlo. Na saa zetu unazijua: kabla ya saa mbili asubuhi au jua likishazama, hasa Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye zege, uhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye asikanyage.

Anza na kaa-simama. Linaonekana la kitoto, ila ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mbwa wengi hukaa kizembe, goti moja limetupwa nje kama mzee aliyeegemea kwenye jamvi. Msimamishe Simba kando ya ukuta, ule upande anaoutupa goti ndio uwe ukutani ili likose pa kwenda. Chambo kiwe puani, kipandishe kidogo kuelekea kichwani, atakaa. Visigino viwe chini ya mapaja, magoti yatazame mbele. Mpe punje moja. Halafu peleka chambo mbele kidogo na juu, ainuke. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini: anatakiwa ainuke kwa kusukuma na mapaja, miguu ya mbele ibaki pale pale. Akitembeza mikono mbele ili ajivute, ameshakudanganya, na zoezi limegeuka kuwa la mabega. Mara tano, apumzike, mara tano tena. Baada ya wiki tatu au nne ufikie kumi kwa kumi. Polepole kuinuka, polepole zaidi kukaa.

Na akikataa kabisa kukaa sawasawa, kila mara mguu uleule unatoka nje hata ukutani, usimwite mkaidi. Kukaa hivyo ni moja ya dalili za mapema za goti lililoanza kuchakaa. Simamisha kila kitu umpeleke kwa daktari wa mifugo amshike goti kwa mikono yake. Kwa historia ya nyumba yenu ningetaka akaguliwe hata kabla hamjaanza.

Zoezi la pili ni fito. Wiki ya kwanza zilaze chini tu, nafasi kati ya moja na nyingine iwe kama kimo cha Simba toka ardhini hadi begani, takribani sentimita 60. Mtie kamba fupi, chambo kiwe chini usawa wa pua ili kichwa kisipande, mpitishe kwa mwendo wa msiba. Kila mguu uvuke peke yake. Akirukaruka, umeenda haraka. Wiki ya pili au ya tatu inua kila ufito juu ya tofali lililolazwa. Usiuinue kupita kifundo cha mguu wake wa mbele, na usiufunge: akiugonga uanguke, asijikwae. Kwenda na kurudi mara nne panatosha. Anapoinua mguu wa nyuma juu ya ufito, ule uliobaki chini unabeba uzito peke yake huku nyonga ikitulia, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Fito zina faida nyingine ambayo nimeipenda kadiri ninavyozeeka kazini: zinasema ukweli. Mbwa akigonga mara kwa mara kwa mguu mmoja, mguu ule una neno. Niliwahi kuletewa mbwa wa ulinzi wa Mkonze aliyekuwa akigonga kwa mguu wa kushoto wa nyuma kila mzunguko. Nikamkunja goti, nikamkunjua, nikambonyeza nyonga, nikaanza kumweleza mwenyewe habari za kano kwa sauti ya kitaalamu. Kijana aliyekuwa amemshika kamba akageuza unyayo akasema, "Daktari, huu si mwiba?" Ulikuwa mwiba wa mgunga, umezama katikati ya vidole, umevunjikia ndani. Tangu siku hiyo naanzia chini kwenda juu. Kwa nchi yetu hii ya miiba, nawe fanya hivyo.

Tofali sasa. Ile bloku ilaze mahali isipoyumba, mwite apande miguu ya mbele tu, ya nyuma ibaki chini. Uzito umehamia nyuma. Ahesabiwe kumi, huku ukimpeleka kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia. Mara tatu. Akishazoea utamwona mapaja yanavyojaa.

Kuna na zoezi la kurudi nyuma, kwa sababu mbwa wengi wanajua wana miguu ya mbele, ya nyuma inawafuata tu kama tela. Weka benchi sambamba na ukuta, ubakishe uchochoro wa kumtosha. Aingie, kisha mkaribie na chambo kikiwa kifuani pake. Hatua tatu za kinyumenyume ni ushindi mkubwa. Ongeza mpaka nane, si zaidi.

Lingine halihitaji kitu. Akiwa amesimama wima miguu minne ikiwa mraba, weka kiganja kwenye nyonga umsukume pembeni kwa nguvu ileile unayotumia kubonyeza embe sokoni kujua kama limeiva. Yeye akaze asihame. Hesabu tano, achia polepole, hamia upande wa pili. Akipiga hatua, umesukuma mno. Baada ya wiki mbili unaweza kumwinulia mguu mmoja wa nyuma kidogo tu toka chini, sekunde tano, kisha mwingine, asimame kwa mitatu.

Godoro la sponji la kusimamia linakuja baada ya mwezi, wakati haya ya ardhi ngumu anayafanya bila kutikisika. Utaona kwenye simu video za mbwa wamesimama juu ya mipira mikubwa ya hewa. Waachie wenyewe. Mbwa ambaye hajaweza kusimama sawasawa kwenye udongo, ukimpandisha juu ya kitu kinachobingirika unamfundisha kuogopa na kujikaza vibaya, na akianguka ndilo goti lenyewe.

Siku tatu kwa wiki, dakika nane hadi kumi, zikiachana siku moja katikati. Usifanye yote siku moja: chagua matatu. Misuli hujengeka siku ya mapumziko. Siku nyingine na hata hizo, atembezwe kwa kamba dakika ishirini au thelathini, mwendo wa kutembea. Hii ndiyo kazi ya baba watoto badala ya pikipiki, na akilalamika kwamba haina raha, ampeleke Simba kwenye mchanga wa korongo wakati wa kiangazi. Mchanga laini unamfanyisha mbwa kazi mara mbili bila kumgonga viungo. Aanze na dakika tano tu, watembee, asirushiwe mpira, maana kugeuka ghafla mguu ukiwa umezama kunapinda goti. Masika wasiende kabisa. Korongo letu hapa linaweza kuwa kavu chini ya miguu yako huku mvua ya mbali ikiwa njiani.

Kabla hamjaanza, chukua futi ya fundi cherehani umpime unene wa paja, juu kabisa karibu na kinena, akiwa amesimama. Kulia na kushoto, andika. Rudia baada ya wiki nane mahali palepale. Misuli haionekani kwa wiki mbili, usikate tamaa mapema. Pande zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, na upimaji wako ulikuwa sawa, mweleze daktari. Baada ya wiki hizo nane, kama mapaja yamejaa na fito hazianguki, hapo baba watoto anaweza kuanza kumkimbiza mbio fupi fupi za miguu yake mwenyewe kwenye udongo, wakitanguliza dakika tano za kutembea.

Kuacha zoezi ni lini? Mapaja yakitetemeka, akianza kupiga miayo na kulambalamba midomo bila sababu, akikaa bila kuambiwa, akianza kudanganya zoezi aliloliweza jana: amechoka, funga duka. Akichechemea kesho yake asubuhi, mlizidisha. Apumzike siku mbili mpaka tatu na mrudi nusu ya mlivyokuwa. Kuchechemea kukizidi siku mbili, au akiinua mguu kabisa asiukanyage, ni daktari siku hiyohiyo. Wala usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya kabati la nyumbani. Vidonge hivyo vya watu huchimba tumbo la mbwa na kuharibu figo. Mbwa akihitaji picha za eksirei au upasuaji wa goti ambao hapa hauwezekani, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ni safari ya saa kadhaa kwa gari, kwa hiyo mpigieni simu daktari wenu awaandikie kwanza.

Haya ni ya mbwa mzima kama Simba. Ukija kupata mtoto wa mbwa wa aina kubwa, bloku na kukimbizwa visubiri mpaka atimize mwaka au mwaka na nusu, mifupa ikishafunga. Fito za kulala chini hazimdhuru.

Kuhusu mwanao: asaidie, ila kamba ashike mtu mzima. Asisukume nyonga wala kuinua mguu, kwa sababu mbwa wa ulinzi akiguswa panapouma anaweza kugeuka hata kwa mtoto anayempenda. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapita mwaka. Kazi yake iwe kupanga fito, kuhesabu kwa sauti, na kutoa chambo kwa kiganja kilichonyooka. Na mpe daftari. Kila siku ya zoezi aandike ufito wa ngapi umeanguka na ni mguu upi ulioupiga. Watoto wana macho kuliko sisi. Siku akikuonyesha mguu uleule mara tatu mfululizo, geuza unyayo utafute mwiba kabla hujafikiria goti.